Rangi Iliyobaki Nyumbani: Namna ya Kuimaliza, Kuikausha na Kuitupa Bila Kumdhuru Mtu

Fundi rangi akishalipwa na kuondoka, nyuma yake hubaki ndoo iliyofika nusu, makopo mawili matatu ya rangi ya mafuta, chupa ya thina na matambara. Vitu hivyo husukumwa stoo. Baada ya mwaka au miwili mwenye nyumba anataka nafasi yake, na hapo ndipo makosa hufanyika: ndoo inamiminwa mtaroni, thina inamwagwa chooni, makopo yanapakiwa kwenye gari la taka yakiwa na rangi mbichi ndani.

Kanuni ya kazi hii ni moja: rangi isitoke nyumbani ikiwa majimaji, isipokuwa inakwenda kwa mtu atakayeipaka. Ikiwa majimaji hupita popote. Kopo hupasuka ndani ya gari la taka na rangi ikachuruzika njia nzima hadi dampo, na huko Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, au Dandora, Nairobi, wapo watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu. Ikimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza huipeleka mtoni au baharini. Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja na sehemu za Dar es Salaam, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu chini ya nyumba nyingi kuna jiwe la matumbawe lenye matundu na nyufa. Unachokimwaga shimoni leo hakichujwi na udongo. Hushuka haraka kwenye maji yaleyale yanayolisha visima vya jirani.

Rangi ikishakauka ikawa kitu kigumu, sehemu kubwa ya hatari hiyo huisha. Kwa hiyo kazi yako ni kuitumia, kuigawa, au kuigandisha. Njia ya kuigandisha inategemea aina yake.

Ijue kwanza ni rangi gani

Kama lebo bado inasomeka, isome. Ikiandikwa kwamba brashi zioshwe kwa maji, hiyo ni rangi ya maji, ambayo mafundi huiita emalshoni. Ikitaka thina au tapentaini, ni rangi ya mafuta. Glosi za milango na mageti, undakoti za mbao na praima nyingi za chuma zimo humo.

Lebo ikiwa imefunikwa na michirizi, kata chupa ya plastiki katikati, tia maji nusu, dondosha matone mawili ya rangi na ukoroge kwa kijiti. Rangi ya maji huchanganyika mara moja na maji hugeuka kama maziwa. Rangi ya mafuta hukataa: hujikunja vidonge, hung'ang'ania ukingoni, na juu ya maji huacha utando unaometameta kama wa mafuta ya taa. Usiijaribu kwa kiberiti, na usiinamie kopo kuvuta harufu. Ukifungua kifuniko umesimama penye hewa, harufu ya thina itakufikia yenyewe.

Vanishi, sila ya mbao na thina zenyewe zihesabu kama rangi ya mafuta, ila zina hasira zaidi. Mvuke wa tapentaini ya dukani, ile waiti spiriti, huweza kushika moto kimiminika kikifika takriban nyuzi 40 za Selsiasi, joto ambalo kopo lililo chini ya bati linaweza kulifikia mchana wa Februari. Thina ya vanishi na ya rangi za magari, yenye tolwini na asetoni, hushika moto hata ikiwa baridi kama maji ya friji. Mvuke wa zote ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukatawanyika. Hushuka, hutambaa sakafuni, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa au jiko la gesi lililo chumba cha pili. Ndiyo maana kazi yote inayoelezwa hapa hufanywa nje, mbali na moto, mbali na mtu anayevuta sigara, na mbali na fundi anayechomelea.

Je, bado inafaa kupakwa?

Usikimbilie kutupa. Rangi ya maji iliyofungwa vizuri na kuwekwa kivulini hukaa miaka kadhaa, na ya mafuta hukaa zaidi. Fungua kifuniko kwa bisibisi pana, ukiinua kidogo kidogo kuzunguka ukingo wote. Ukikibana mahali pamoja kitapinda, na hakitafunga tena.

Ukikuta ngozi juu, usiikoroge ndani. Ikate kwa kisu kuzunguka ukingo, iinue nzima kwa kijiti, iweke kando ikauke. Kisha koroga kwa kijiti kinachofika chini kabisa, dakika 5 hivi, ukikwangua ile rangi nzito iliyotuama. Ikirudi kuwa laini na kuteleza kijitini bila kukatika, ichuje kwa soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa mdomoni mwa kopo jingine, upake kidogo kwenye kipande cha boksi, na uache hadi kesho. Ikikauka sawasawa bila chembechembe, rangi hiyo ni nzima.

Rangi ya maji iliyokufa hujulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni madonge kama mtindi yasiyovunjika hata ukikoroga. La pili ni harufu ya yai viza, inayotokana na bakteria waliokwisha kuila. Rangi inayonuka hivyo usihangaike kuiokoa. Harufu itahamia ukutani na kukaa humo. Mara nyingi rangi hiyo ni ile ambayo fundi alikwisha kuiongeza maji. Maji ya ndoo hupunguza nguvu ya dawa ya kuzuia kuoza iliyotiwa kiwandani, tena huja na vijidudu vyake. Kwa hiyo iliyochanganywa maji iishe kwanza, na kamwe usiimimine tena kwenye ndoo ya rangi isiyoguswa.

Njia bora ya kuitupa ni kuipaka

Mabaki ya rangi za maji yanaweza kuunganishwa yote katika ndoo moja: nyeupe, krimu, kijani hafifu, hata rangi ya ndani na ya nje pamoja, mradi mchanganyiko wenye rangi ya nje utumike nje. Chuja kila moja kabla ya kumimina. Matokeo huwa rangi ya kijivujivu au ya udongo. Ukitaka ing'ae, nusu ya mchanganyiko iwe nyeupe. Inafaa kwa mkono wa kwanza kwenye ukuta mpya, kwa stoo, kwa ukuta wa ndani wa choo cha nje, kwa upande wa nyuma wa uzio usioonekana. Banda la kuku liache. Kuku hudonoa kuta.

Rangi ya mafuta haiunganishwi na ya maji hata kwa kijiko. Zikikutana hukatika, na hapo umepata takataka ngumu kuliko zote mbili, kwa sababu haikauki vizuri kwa njia yoyote.

Kabla ya kufikiria dampo, mfikirie mtu aliye mtaani kwako. Mafundi wanaochomelea mageti na grili za madirisha hutumia rangi ya mafuta na redi oksaidi, ile praima nyekundu ya chuma, kila siku, na lita moja nzima ya rangi nyeusi au ya kahawia kwao ni mali. Seremala atachukua vanishi na sila. Shule, msikiti au kanisa linalokarabati litapokea rangi ya maji kuanzia lita 4 kwenda juu. Mpe mtu rangi ikiwa ndani ya kopo lake lenye lebo, na umwandikie kifunikoni kwa kalamu ya wino mzito: imefunguliwa lini, imeongezwa maji au la, ilipakwa wapi.

Kuna rangi moja usiyopaswa kumpa mtu yeyote: rangi ya mafuta ya zamani isiyojulikana ilikotoka, hasa ya manjano, chungwa, nyekundu au kijani. Rangi za mng'ao huo zilitengenezwa sana kwa madini ya risasi. Viwango vya sasa vya Kenya na Tanzania vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi kavu, lakini kopo lililokaa stoo tangu kabla ya viwango hivyo halijui sheria. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao huumizwa ubongo. Kopo la namna hiyo lisiende kwenye bembea za shule ya chekechea wala kwenye kitanda cha mtoto. Liende kwenye hatua za rangi ya mafuta hapa chini.

Kama unaiweka akiba, ihamishe kwenye kopo dogo linalojaa, maana hewa iliyobaki juu ndiyo inayotengeneza ngozi. Tandaza kipande cha nailoni mdomoni, bandika kifuniko, kigonge kwa kipande cha ubao kuzunguka ukingo, kisha pindua kopo juu chini kwa dakika moja ili rangi izibe mwanya. Halafu lirudishe wima. Usiweke rangi wala thina kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Thina nyeupe ndani ya chupa ya maji haitofautiki na maji, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Kugandisha rangi ya maji

Utahitaji glavu za mpira, kijiti kirefu, karai au boksi pana, na kitu cha kunyonya. Unga wa mbao kutoka kwa seremala ndio bora na mara nyingi hutolewa bure. Maranda, yale makunjo marefu ya randa, hunyonya vibaya, kwa hiyo omba ule unga wa msumeno. Usipoupata, tumia mchanga mkavu wenye saruji, au udongo mkavu uliochekechwa.

Rangi iliyobaki chini ya kopo, robo lita kushuka, haihitaji chochote. Liache kopo wazi mahali penye jua na upepo, juu ya kitu ambacho kuku, paka na watoto hawakifikii. Siku 3 hadi 5 za kiangazi zinatosha.

Robo lita hadi lita 4, fanya hivi. Tandika karatasi ya mfuko wa saruji, tabaka mbili, ndani ya boksi au karai. Mimina rangi. Ongeza unga wa mbao mkavu kwa kipimo cha makopo mawili ya unga kwa kopo moja la rangi, ukikoroga kidogo kidogo, mpaka upate kitu kama ugali uliovunjikavunjika: ukikifinya kwa glavu kinashikana, lakini hakitoi tone. Kikitoa tone, ongeza unga. Kisha kisambaze kina cha sentimita 2 na kisizidi hapo, na ukigeuze kila siku kwa kijiti. Katika jua la kaskazi utapata siku mbili tatu. Wakati wa masika hesabu wiki nzima, na boksi likae chini ya paa, kwa sababu mvua moja ikiingia itayeyusha kazi yote na kuipeleka uani.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni kumimina rangi nyingi kwa kina. Ukiacha lita 4 ndani ya ndoo yake hata miezi miwili, juu utakuta ngozi ngumu inayokudanganya. Choma kijiti na chini utakuta rangi mbichi kama siku ilipotoka dukani. Ngozi yenyewe imezuia hewa. Eneo ndilo linalokausha, muda peke yake haukaushi: lita moja iliyosambazwa kwa kina cha sentimita 1 inataka sehemu ya takriban sentimita 30 kwa 30 tu, lakini lita 20 zinataka mita 2 za mraba.

Kwa hiyo kama una nusu ndoo au zaidi, na hukupata wa kumpa, saruji ndiyo njia. Tumia hata saruji iliyoanza kuota madonge, ambayo haifai tena kujengea. Changanya sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga mkavu, kisha mimina rangi lita 2 au 3 kwa wakati ndani ya karai huku ukikoroga kwa koleo hadi ipate uzito wa chokaa ya kujengea. Utaona inakaza ghafla, mapema kuliko zege la maji, kwa sababu chokaa iliyomo ndani ya saruji huikata rangi. Utasikia pia harufu kali ya amonia ikipanda. Ni ya kawaida kwa rangi za maji, ila simama upande unakotoka upepo na usifanyie kazi hiyo chumbani. Kesho yake utakuwa na bonge gumu. Livunje vipande vinavyobebeka.

Rangi ya maji iliyoganda hivyo huenda pamoja na taka za kawaida. Jaribio la mwisho ni kijiti: kiingize katikati, kigeuze, kitoe. Kikitoka kikavu, funga kwenye kiroba na umkabidhi mzoa taka.

Rangi ya mafuta

Hapa mambo ni tofauti, na tunaomba usome hadi mwisho kabla ya kuanza.

Rangi ya maji hukauka maji yakiondoka. Ya mafuta hufanya kazi mbili: thina huruka, kisha mafuta yenyewe hushika oksijeni ya hewani na kuwa gumu, na katika kushika huko hutoa joto. Likiwa ukutani, joto hilo hupotea bila mtu kulihisi. Likiwa limefungiwa ndani ya lundo la kitu kinachoungua, kama unga wa mbao au matambara, linaweza kujikusanya hadi lundo likawaka lenyewe, bila kiberiti. Basi usiweke unga wa mbao kwenye rangi ya mafuta. Tumia mchanga mkavu, udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kusagwa, au saruji kavu. Usitumie chokaa isiyozimwa. Ikipata unyevu huchemka, na mvuke wa thina uko hapohapo.

Kama kuna lita moja au zaidi na ni nzima, rudi kwenye ushauri wa fundi wa mageti. Kweli hakuna njia ya nyumbani iliyo nzuri kuliko hiyo. Kwa mabaki madogo, au rangi iliyokufa:

Toa kazi nje, chini ya paa lisilo na kuta, angalau mita 5 kutoka jikoni na kutoka kwenye mashine au motokaa inayowashwa. Tandaza mchanga mkavu kwenye sinia kuukuu la bati, kina cha sentimita 1. Mimina rangi iwe utando mwembamba, milimita 3 hivi, uigeuze na mchanga mpaka kila punje ipakwe. Iache siku 4 au 5, ukiigeuza kila siku. Ongeza tabaka jingine ikiwa ile ya kwanza haishiki tena kidole cha glavu. Lita moja inaweza kukuchukua wiki mbili kwa njia hii. Wanaoharakisha kwa kumimina yote pamoja huishia na keki iliyokauka juu, yenye moyo mbichi unaonuka thina miezi sita baadaye.

Kitu kikavu kinachotokana na rangi ya mafuta, na hasa ile ya zamani tuliyoishuku kuwa na risasi, usikitupe ovyo. Kirudishe kwenye kopo lake, funga, andika "RANGI YA MAFUTA, HAIFAI" na ukiweke kando mpaka upate mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Tutamrudia.

Usiichome. Kuchoma hakuondoi risasi. Huigeuza moshi na majivu, na majivu hayo huangukia bustani ya mchicha. Kopo lililofungwa likitiwa motoni hulipuka.

Brashi, thina na matambara

Kwanza kwangua. Brashi na rola iliyolowa inabeba rangi nyingi kuliko unavyodhani; ikwangue ukingoni mwa kopo, kisha ipake kwenye boksi au gazeti kuukuu mpaka iwe karibu kukauka, ndipo uioshe.

Ya maji ioshe ndani ya ndoo, usiioshe chini ya bomba. Lita 3 zinatosha brashi mbili. Maji hayo meupe usiyamwage. Saga shabu, ile ya kusafishia maji ya kisima, tia kijiko kimoja cha chai kwa maji ya lita 10, koroga dakika moja kwa nguvu, halafu polepole dakika 5, uache usiku kucha. Asubuhi rangi itakuwa imelala chini kama tope na juu maji yameng'aa. Yakiwa bado na ukungu, rudia nusu kijiko. Maji safi mwaga juu ya udongo mkavu mbali na kisima na bustani ya mboga, tope likaushe kama tulivyoeleza. Maji hayo yakimiminwa kila mara kwenye shimo la maji taka, tope lake hukaa kwenye kuta za shimo na kuziba vijitundu vya kunyonya, na baada ya muda unaita gari la kunyonya mara mbili kwa mwaka bila kujua sababu.

Ya mafuta ioshe kwa thina kidogo ndani ya kopo la bati au mtungi wa kioo wenye kifuniko. Ukimaliza, funga, andika jina, uache siku 2 au 3. Rangi itatuama. Mimina thina iliyo wazi kwenye kopo jingine, nayo utaitumia tena kuoshea mara nyingi. Lile tope la chini ndilo la kukausha kwa mchanga. Hivyo thina haina haja ya kutupwa hata kidogo. Ikimwagwa chooni huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya tangi la maji taka, na mvuke wake hukaa chemba kungojea mtu atakayefunua kifuniko na tochi ya moto.

Matambara yaliyofutia rangi ya mafuta, vanishi au mafuta ya mbao ndiyo yanayowaka yenyewe tuliyoyataja. Usiyakunje, usiyarundike pembeni, usiyatie kwenye kiroba. Yaanike moja moja kwenye uzio au kamba, yasigusane, mpaka yawe makavu na magumu kama karatasi. Kama jioni imekukuta na huwezi kuyaanika, yatumbukize kwenye kopo la bati lenye maji, yafunikwe na maji kabisa, ufunge, uliache nje.

Rangi za kupuliza za kopo la gesi: puliza iishe kwenye boksi, nje, hadi lisitoe sauti. Usitoboe, usichome. Epoksi na poliyurethani za makopo mawili: changanya kilichobaki kwa kipimo cha lebo, kidogo kidogo, chini ya nusu lita kwa wakati, ndani ya sinia pana, zikiwa nyingi pamoja huchemka na kutoa moshi. Kopo la kigandishi cha poliyurethani likishaingia unyevu usilifunge kwa nguvu, hutengeneza gesi na kufutuka.

Ndoo usiyopaswa kuchotea maji

Ndoo ya rangi ya lita 20 ina mpini imara na kifuniko kinachobana. Ikioshwa inang'aa, na kesho yake imekuwa ya maji ya kunywa, ya kukandia unga wa maandazi, ya kulowekea maharage. Hatuna neno la kulainisha hapa: usifanye hivyo, na usimuuzie mtu atakayefanya hivyo. Rangi ya maji ina dawa za kuua ukungu na bakteria, nazo hujificha kwenye mikwaruzo na kwenye ule mfereji mwembamba chini ya ukingo. Pitisha ukucha ndani ya mfereji huo kwenye ndoo unayodhani ni safi, uone utando utakaotoka.

Ndoo ya rangi ya maji iliyokwanguliwa na kuoshwa inafaa kwa maji ya kujengea, kubebea mchanga, kudekia, au kupandia maua. Iandike ubavuni kwa rangi ileile, herufi kubwa: SI YA CHAKULA. Makopo ya bati ya rangi ya mafuta, yakishakauka ndani kabisa, yatoboe chini kwa msumari mara nne au tano ili asitokee wa kuchotea nayo, kisha muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Kopo lenye rangi mbichi au mvuke wa thina usilitoboe kwa kuligonga. Cheche moja inatosha.

Ikimwagika, au ikimwingia mtu

Iliyomwagika sakafuni izungushie mchanga kwanza, kutoka nje kwenda ndani, kabla hujagusa kitambaa. Usiifuate kwa maji. Maji huipeleka mtaroni. Iliyo ya mafuta, zima moto wote na ufungue madirisha kabla ya jambo lingine.

Rangi ya mafuta mwilini usiiondoe kwa thina, maana thina huipitisha rangi kwenye ngozi. Sugua kwa mafuta ya kupikia, futa, kisha sabuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, halafu hospitali. Aliyekunywa thina au tapentaini asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta. Hatari kubwa ni kimiminika hicho kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Mkimbize hospitali na kopo lenyewe, daktari aone lebo.

Mzigo mkubwa

Mwenye nyumba za kupanga, mkandarasi au duka lenye ndoo nyingi zilizokufa hawezi kukausha zote uani. Tanzania Bara msimamizi wa mazingira ni NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zanzibar ni ZEMA. Kenya ni NEMA. Waulize kampuni zenye kibali cha kukusanya taka hatarishi, na anayekuja kuchukua mzigo mwombe akuonyeshe kibali chake kabla hajapakia, kisha akuachie hati ya makabidhiano yenye kiasi na tarehe. Asiye na karatasi huenda akamwaga korongoni usiku, na jina kwenye lebo za ndoo ni la mradi wako. Ukiwa na kopo moja mbili tu za rangi ya mafuta iliyokaushwa, ungana na majirani au muulize fundi wa karakana. Mzigo wa pamoja ndio mkusanyaji atakaoukubali.

Kabla ya kununua tena

Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mikono miwili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta uliopigwa skimu, au 8 kwenye plasta yenye mikwaruzo, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu, au 8 ukuta ukiwa mbovu. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho kwa sababu bei ya lita inaonekana nafuu, ananunua pamoja nayo lita 12 za kugandisha kwa saruji.